Uzi: Akina Bellini, jina moja la ukoo lililobebwa na wachoraji, tabibu, mtunzi wa opera na nahodha wa Brazil

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima.

Uzi huu umetokana na swali la mpwa wangu anayesomea udaktari. Alikuwa anapitia somo la figo, akakutana na mirija inayoitwa mirija ya Bellini, naye kwa kuwa anapenda kandanda kuliko vitabu, akaniuliza kama huyo ndiye Bellini aliyelinyanyua Kombe la Dunia mwaka 1958. Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kumtenganishia akina Bellini wote: yuko wa picha, yuko wa opera, yuko wa figo, yuko wa mpira, na yuko wa makochi na mashine za kuandikia. Nimelishughulikia jambo hili kwa wiki kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata. Nitakaa sana kwa wachoraji wa Venezia, na hasa kwa mmoja wao ambaye kwa maoni yangu hajapewa haki yake. Wengine nitawapitia kwa kadiri ya habari zao.

Nianze na jina lenyewe. Katika Kiitaliano neno "bello" lina maana ya -zuri, na "bellino" ni namna ya kulidogosha neno hilo kwa mapenzi, kama mtu anavyomsifu mtoto kuwa ni mzuri. Bellino likawa jina la kupewa mtu. Irabu "i" inayokuja mwishoni huonyesha wingi, kwa hiyo Bellini ni sawasawa na sisi tunaposema "akina Bellino". Kwa maana hiyo, mahali popote palipokuwa na mzee aliyeitwa Bellino, wajukuu zake waliweza kuitwa Bellini, iwe Venezia, Toscana au kusini kabisa, bila wazee hao kuwa na undugu wowote. Mtu wa pwani yetu akisikia nisba kama Mazrui hufikiri mara moja kuhusu ukoo mmoja wenye shina moja, na ni rahisi kudhani kwamba majina ya Kiitaliano yanafanya kazi hiyo hiyo, lakini sivyo. Baada ya Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki uliomalizika mwaka 1563, kuziamuru parokia za Kikatoliki ziweke daftari za ubatizo na ndoa, majina haya yalizidi kuganda, na aliyeandikwa Bellini siku hiyo akawarithisha watoto wake jina hilo hata kama hakuna aliyemkumbuka tena mzee Bellino.

Sasa twende Venezia, ambako jina hili lilipata sifa ya kwanza. Mzee Niccolò alikuwa fundi wa bati. Mwanawe Jacopo, aliyezaliwa karibu na mwaka 1400, alijifunza uchoraji kwa bwana mkubwa aliyeitwa Gentile da Fabriano, akamheshimu mwalimu wake kiasi cha kumpa mwanawe wa kiume jina lake. Picha nyingi za Jacopo zimepotea, lakini vimebaki vitabu viwili vya michoro yake, kimoja kiko British Museum mjini London na kingine Louvre mjini Paris. Ukivipitia vitabu hivyo unamwona mtu aliyevutwa zaidi na majengo na umbali kuliko na watakatifu aliopaswa kuwachora: Yesu anapigwa mijeledi huko nyuma kabisa, mdogo kama kidole, ilhali mbele pamejaa nguzo, matao na ngazi. Binti yake Nicolosia aliolewa mwaka 1453 na Andrea Mantegna, mchoraji kijana wa Padova, na kwa ndoa hiyo karakana ya Bellini ikapata shemeji aliyekuwa na kipaji kuliko wote waliokuwa jirani.

Jacopo alikuwa na vijana wawili wa kiume waliofuata kazi yake, Gentile na Giovanni. Wasia wa Anna, mke wa Jacopo, ulioandikwa mwaka 1471, haumtaji Giovanni, jambo lililowafanya wanahistoria wengi wamhesabu kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Hata hivyo ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja na kusaidiana hadi uzeeni, na hilo kwangu lina uzito kuliko karatasi ya wasia.

Vitabu vingi vya sanaa humpa Giovanni kurasa 50 na Gentile kurasa 3. Siupingi ukubwa wa Giovanni. Ndiye aliyezifanya rangi za mafuta zikae kwenye ubao kama mwanga wa alasiri, akaacha mistari mikali aliyoizoea shemeji yake Mantegna, akawafundisha vijana wawili walioitikisa Italia baada yake, Giorgione na Tiziano. Picha yake ya Doge Leonardo Loredan, mtawala wa Venezia, iliyochorwa karibu na mwaka 1501, iko National Gallery mjini London, na nguo ile nyeupe yenye nakshi za dhahabu inang'aa kana kwamba imefumwa jana. Albrecht Dürer, Mjerumani aliyekuwa Venezia mwaka 1506, aliandika katika barua kwamba Giovanni ni mzee sana lakini bado ndiye bora kuliko wote katika uchoraji. Mwaka mmoja kabla ya barua hiyo, mzee huyo alikuwa amemaliza picha ya madhabahu ya kanisa la San Zaccaria, nayo bado ipo mahali pale pale ilipowekwa.

Giovanni alikuwa pia mtu wa msimamo. Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantova, alimlipa ducati 25, yaani sarafu za dhahabu, za utangulizi ili amchoree hadithi ya kale yenye mafumbo aliyoipanga mwenyewe kwa ajili ya chumba chake cha faragha. Giovanni hakutaka kupangiwa. Alichelewesha, akatoa udhuru, akabembelezwa, akatishiwa kwa barua, na mwisho mwaka 1504 yule bibi akapokea picha ya kuzaliwa kwa Yesu badala ya kile alichokiagiza. Fundi yeyote wa Kariakoo aliyewahi kubanana na mteja mwenye michoro yake mfukoni atamwelewa mzee huyu.

Sasa nimfikie Gentile. Venezia ilipigana na Waosmani, yaani dola ya Waturuki, kwa miaka 16, kuanzia 1463, na amani ilipatikana Januari 1479. Mwaka huo huo Sultani Mehmed wa Pili, ambaye Waislamu wengi wanamfahamu kwa jina la Muhammad al-Fatih, aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, aliiomba serikali ya Venezia impelekee mchoraji mzuri. Serikali haikumtuma mtu wa kubahatisha. Ilimchukua Gentile, ambaye wakati huo alikuwa akizitengeneza upya picha za ukumbi wa Baraza Kuu katika jumba la Doge, ikampa Giovanni kazi hiyo aiendeleze, na mwezi Septemba Gentile akapanda merikebu. Alikuwa balozi mwenye brashi, na wala sioni kwamba nimetia chumvi, kwa sababu amani ya mwaka ule ilikuwa changa na Venezia iliihitaji kuliko Sultani alivyoihitaji.

Matunda ya safari hiyo ni picha iliyoko London hadi leo, yenye tarehe 25 Novemba 1480. Sultani amechorwa kwa upande, pua ndefu iliyopinda, ndevu zilizochongoka, kilemba kikubwa, na mbele yake limening'inizwa kitambaa kilichotariziwa vito. Rangi nyingi tunazoziona leo zimerudishiwa na mafundi wa baadaye, kwa hiyo anayeitazama asidhani kwamba kila unywele ni mkono wa Gentile. Lakini sura imebaki, na ndiyo sura inayoonekana kila mahali al-Fatih anapotajwa. Mehmed alifariki Mei 1481, miezi michache tu baada ya tarehe hiyo.

Kuna kisa kinachorudiwa mno, nacho nakitaja ili nikiwekee alama ya kuuliza. Inasimuliwa kwamba Gentile alimwonyesha Sultani picha ya kichwa cha Yohana Mbatizaji kilichokatwa, Sultani akasema shingo haikuchorwa sawa, kisha akaagiza mtumwa akatwe kichwa hapo hapo ili mchoraji ajionee. Kisa hicho kimeandikwa na Carlo Ridolfi mwaka 1648, zaidi ya miaka 160 baada ya tukio linalodaiwa, na kinafanana mno na vile Wazungu wa karne ya 17 walivyopenda kuwasimulia Waturuki. Mimi sikiamini.

Aliporudi nyumbani, Mashariki haikumtoka Gentile. Tazameni picha yake ya Bikira Maria na mtoto iliyoko National Gallery: chini ya kiti cha Maria limetandikwa zulia la Anatolia, na zulia lenyewe ni msala. Upande mmoja lina umbo la mihrabu, upande mwingine pambo limeingia ndani kama tundu la ufunguo. Wataalamu wa mazulia wameipa aina hiyo jina la "Bellini" kwa sababu ya picha za ukoo huu, na hivyo misala iliyofumwa kwa ajili ya sala ya Waislamu inatambulika katika makumbusho ya Ulaya kwa jina la mchoraji Mkristo wa Venezia. Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilidhani ni kosa la chapa.

Kazi yake ya mwisho ndiyo ninayoipenda kupita zote. Ni picha ya Mtakatifu Marko akihubiri Aleksandria, yenye upana wa zaidi ya mita saba, iliyoko jumba la makumbusho la Brera mjini Milano. Marko amesimama kwenye jukwaa dogo, mbele yake wamekaa wanawake waliojifunika shuka nyeupe kuanzia kichwani, wanaume wamevaa vilemba vya Kimamluki, yaani vya watawala wa Misri wa wakati huo, na vya Kiosmani, nyuma yao kuna hekalu lililo nusu kanisa la San Marko la Venezia na nusu Hagia Sophia ya Konstantinopoli, na uwanjani anatembea twiga. Ndiyo, twiga. Italia ilikuwa imeshamwona mnyama huyo, kwa kuwa mwaka 1487 mmoja aliletwa Firenze kama zawadi kutoka kwa Sultani Qaitbay wa Misri. Gentile hakuimaliza picha hiyo. Katika wasia wake alimwachia Giovanni kile kitabu cha michoro ya baba yao, kwa sharti kwamba aimalizie picha ya Marko. Gentile alifariki Februari 1507, Giovanni akaimalizia picha, naye akafariki Novemba 1516.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita. Katika picha ya Gentile ya mwaka 1500, inayoonyesha msalaba mtakatifu ulioanguka mferejini karibu na daraja la San Lorenzo, upande wa kulia amesimama Mwafrika juu ya ubao, amevua nguo, yuko tayari kuruka majini kwenda kuutafuta. Venezia ya wakati huo ilikuwa na Waafrika, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliopata uhuru, na baadhi yao waliendesha mashua za gondola. Gentile alimweka mahali anapoonekana, katikati ya wenyeji wa mji, na kwa sababu hiyo peke yake naona ule mgawo wa kurasa 50 kwa 3 unahitaji kurekebishwa.

Kwa masikitiko, picha kubwa za historia ambazo ndugu hawa walizifanya katika jumba la Doge kwa miongo mingi ziliteketea katika moto wa mwaka 1577. Tunachokiona leo ni masalio tu.

Naendelea na yule wa mpwa wangu. Lorenzo Bellini alizaliwa Firenze mwaka 1643, akasoma Pisa, na mwaka 1662, akiwa na miaka 19 tu, alichapisha kitabu kidogo kuhusu muundo na kazi ya figo. Kabla yake wengi waliichukulia figo kuwa ni nyama iliyoshikana kama ini la buchani. Yeye aliikata, akaitazama, akaonyesha kwamba imejaa mirija myembamba mno inayokusanyika na kufunguka kwenye ncha za ndani, na ndiyo hiyo wanafunzi wa udaktari wanayoikariri hadi leo kwa jina lake. Aliendelea kuuchunguza ulimi na namna mtu anavyopata ladha, akafundisha Pisa kwa muda mrefu, akawa tabibu wa mtawala wa Toscana, Cosimo wa Tatu, na juu ya hayo akatunga mashairi. Alifariki mwaka 1704. Mpwa wangu hakupendezwa kusikia kwamba mtu wa umri mdogo kuliko wake aliandika kitabu ambacho yeye anashindwa kukimaliza.

Kisha yuko Vincenzo Bellini wa Catania, Sicilia, aliyezaliwa Novemba 1801. Babu yake alikuwa mwanamuziki, baba yake mwanamuziki, naye akapelekwa Napoli kusoma kwa msaada wa mji wake. Aliandika opera kumi tu, kwa sababu aliishi miaka 33 pekee. Opera ni tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, na kwa sikio la mtu aliyelelewa kwenye taarabu naweza kusema kwamba Vincenzo ndiye atakayemwingia kwa urahisi, maana sauti ya mwimbaji kwake inavutwa polepole, sentensi ndefu juu ya sentensi ndefu, huku vyombo vikimngojea. Opera yake Norma ilionyeshwa mara ya kwanza katika jumba la opera la La Scala, Milano, tarehe 26 Desemba 1831, na usiku huo haikupokelewa vizuri. Baada ya maonyesho machache watu wakaigeukia, na haijashuka jukwaani tangu hapo. Opera yake ya mwisho, I puritani, ilitoka Paris Januari 1835, na Septemba mwaka huo akafariki Puteaux, pembeni mwa jiji hilo. Mwaka 1876 mifupa yake ilirudishwa Catania ikazikwa katika kanisa kuu. Mji wake umempa jumba la opera na uwanja wa ndege, na tambi za bilingani na nyanya zinazopikwa huko zinaitwa tambi za Norma. Kabla ya yuro, sura yake ilikuwa kwenye noti ya lira 5,000.

Nahodha sasa. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zaidi ya Waitaliano milioni moja walihamia Brazil, wengi wao wakienda kwenye mashamba ya kahawa ya São Paulo, na katika jimbo hilo, mji wa Itapira, ndiko alikozaliwa Hilderaldo Bellini mwaka 1930. Alikuwa beki wa kati wa klabu ya Vasco da Gama, mtu wa nguvu asiye na mapambo. Tarehe 29 Juni 1958, baada ya Brazil kuwafunga Sweden 5 kwa 2 pale Solna, wapiga picha waliokuwa nyuma walilalamika kwamba hawalioni kombe, naye akalinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa ili walione. Hakukuwa na nia nyingine. Manahodha wameiga ishara hiyo tangu siku hiyo, na mbele ya uwanja wa Maracanã kuna sanamu inayoikumbuka. Alifariki Machi 2014. Uzeeni alisahau mengi, na ilidhaniwa ni Alzaima, lakini ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kifo ulikutwa na madhara yanayoletwa na kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Wazee wetu waliocheza na mipira ya ngozi iliyolowa mvua wanajua kichwa cha aina hiyo kinavyouma.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu.

Mchangiaji mmoja ameandika kwamba Vincenzo wa opera lazima awe wa ukoo wa wachoraji, kwa kuwa kipaji hakiji bure. Ndugu yangu, babu yake Vincenzo alitoka Torricella Peligna, kijiji cha milimani katika Abruzzo, akahamia Catania kwa ajili ya kazi ya muziki. Hapo hakuna Venezia. Rudi kwa mzee Bellino wa mwanzo wa uzi: walikuwepo wengi.

Mwingine ameuliza kuhusu kinywaji kiitwacho Bellini. Ni kweli kipo, ni cha pombe, na kimechanganywa maji ya tunda la pichi jeupe na divai yenye povu. Alikibuni Giuseppe Cipriani katika baa yake ya Harry's mjini Venezia, na rangi yake ya waridi ilimkumbusha vazi katika picha ya Giovanni. Kwa hiyo ni cha mchoraji, na wale wanaokihusisha na mtunzi wa opera wamekosea. Bwana huyo huyo alikiita chakula chake cha nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kwa jina la Carpaccio, mchoraji mwingine wa mji huo, kwa hiyo alikuwa na mazoea.

Na dada aliyeuliza kama jina hili bado lina watu wa maana leo, jibu ni Mario Bellini, msanifu aliyezaliwa Milano mwaka 1935. Ndiye aliyelichora umbo la Programma 101 ya kampuni ya Olivetti, mashine ya hesabu ya mezani iliyotoka mwaka 1965, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa mababu wa kompyuta zetu za nyumbani na ambayo NASA iliitumia katika maandalizi ya safari ya mwezini. Kochi lake la Camaleonda la mwaka 1970, lenye vipande vya kuunganisha na kutenganisha, linaigwa na maseremala duniani kote, wengi wao bila kulijua jina lake.

Lakini kazi yake ninayoiona inafaa kutajwa hapa ni nyingine. Louvre ilipoamua kuzipa sanaa za Kiislamu nyumba yake, kazi ilikabidhiwa Mario Bellini na Mfaransa Rudy Ricciotti, nao wakatandaza juu ya ua wa ndani paa la kioo na chuma cha rangi ya dhahabu linalopanda na kushuka kama kitambaa kilichoinuliwa na upepo. Lilifunguliwa Septemba 2012. Jumba hilo hilo ndilo linalohifadhi kimoja cha vile vitabu viwili vya michoro ya Jacopo, mwana wa fundi bati.